BOTI YA JETI IKITETEMEKA: NI INJINI AU NI MAJI?

Chombo cha kuzama hakina usukani, walinena wahenga. Kwa boti ya jeti methali hiyo si fumbo, bali ni maelezo halisi ya ufundi wake. Boti ya namna hii haina rafadha chini yake, wala haina ubao wa usukani nyuma yake. Husukumwa, huongozwa na husimamishwa na kitu kimoja tu, nacho ni maji yanayopita ndani ya tumbo lake. Maji hayo yakikatika, hata kama injini inanguruma kwa nguvu zake zote, chombo hugeuka kuwa gogo linaloelea, na mkondo ndio unaoamua litakwenda wapi.

Kwa sababu hiyo mwendeshaji wa boti ya jeti, awe askari wa doria, polisi wa majini au raia anayevusha abiria, hana budi kuyafahamu vema mambo mawili yanayoleta taabu kuliko mengine yote. Jambo la kwanza ni kuziba kwa mlango wa maji, na la pili ni mtetemo usio wa kawaida. Aghalabu hayo mawili hutokea pamoja, na mara nyingi moja hudhaniwa kuwa ni lingine. Fundi hushinda kutwa nzima akifungua kabureta na kubadilisha plagi, kumbe mkosaji ni kipande cha kamba, kisichozidi urefu wa mkono, kilichojisokota ndani ya jeti.

ASILI YA BOTI HII

Boti ya jeti kama ijulikanavyo sasa ilikamilishwa New Zealand, katika kisiwa cha kusini cha nchi hiyo. Mito ya huko, kama vile Waitaki, Rakaia na Waimakariri, hushuka kutoka milimani kwa kasi, ikajigawa katika vijito vingi vyenye kina kifupi na changarawe tele. Rafadha ya kawaida haiwezi kufanya kazi humo, kwani hugonga mawe na kuvunjika. Mfugaji mmoja ambaye pia alikuwa mhandisi, Bill Hamilton, aliyezaliwa mwaka 1899, alitaka boti itakayopanda mito hiyo dhidi ya mkondo. Mwaka 1954, katika shamba lake liitwalo Irishman Creek, aliiendesha boti yake ya kwanza ya mbao iliyosukumwa kwa maji.

Boti hiyo haikwenda kasi. Baadaye mdomo wa kutolea maji uliinuliwa ukatoa maji yake hewani, juu ya uso wa mto, badala ya chini yake, na mara mwendo ukaongezeka sana. Hamilton mwenyewe hakudai kuwa ndiye aliyevumbua kanuni ya kusukuma chombo kwa maji. Heshima hiyo alimpa Archimedes, mtaalamu wa Kigiriki wa kale. Alichofanya yeye ni kuifanya kanuni hiyo iwe chombo cha kutegemewa.

Mwaka 1960 boti za aina hiyo zilipanda mto Colorado huko Marekani, kupitia korongo la Grand Canyon. Mwaka 1974 na 1975 zilitumika katika mto Kongo, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, katika msafara ulioongozwa na Mwingereza John Blashford-Snell. Na mwaka 1977 Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha mlima Everest mwaka 1953, aliupanda mto Ganges wa Bara Hindi kwa boti tatu za jeti tangu baharini hadi karibu na Nandaprayag, ambako maporomoko yaliwazuia. Leo boti za jeti hutumika duniani kote kwa uokozi, doria na uchukuzi katika maji mafupi.

MAJI NDANI YA TUMBO LA BOTI

Ili kuujua ugonjwa, sharti kwanza kuujua mwili. Chini ya boti, karibu na nyuma, pana tundu pana lililofunikwa kwa wavu wa vyuma. Huo ndio mlango wa maji. Maji huingia hapo, hupanda katika mfereji, kisha hukutana na impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalozungushwa na injini kwa njia ya shafti. Impela huyasukuma maji nyuma kwa nguvu. Nyuma yake mna mabapa yasiyozunguka, kazi yake kuyanyoosha maji yaliyotoka yakijisokota. Mwisho maji hufinywa katika mdomo mwembamba na kuruka nje kwa kasi kubwa. Boti nayo husukumwa mbele.

Mwendeshaji akizungusha usukani, mdomo huo ndio unaogeuzwa kushoto au kulia. Akitaka kurudi nyuma, kibakuli cha chuma hushushwa nyuma ya mdomo ili kuyarudisha maji kuelekea mbele. Yafaa ieleweke kwamba wakati huo impela haigeuzi mzunguko wake. Inaendelea kuvuta maji kutoka chini kama kawaida, pamoja na takataka zake zote.

Impela huzunguka ndani ya pete ya chuma, na pengo kati ya ncha za mapanga na pete hiyo ni dogo sana. Pengo likipanuka kwa sababu ya kulika na mchanga, maji huponyoka na nguvu hupotea. Kadhalika katika boti nyingi maji ya kupozea injini huchotwa kutoka katika jeti hiyo hiyo. Kwa hiyo mlango wa maji ukiziba, madhara ni mawili kwa mpigo: boti hukosa msukumo na injini hupata joto.

SWALI LA KWANZA LA KUJIULIZA

Kabla ya kushika spana yoyote, mwendeshaji na ajiulize swali moja: kinachokosekana ni nguvu ya injini au ni maji? Jibu hulipata kwa kutazama vitu vitatu pamoja, yaani geji ya mizunguko ya injini, mwendo wa boti, na mtetemo anaouhisi miguuni na mikononi.

Siri iko katika tabia ya impela. Uzito inaoupata hautokani na kasi ya boti, bali na maji yaliyomo ndani yake. Ikijaa maji safi, injini huzunguka kwa kiwango kile kile kila siku kwa mafuta yale yale. Maji yakipungua, au hewa ikiingia, impela huwa nyepesi na injini hukimbia. Kutokana na tabia hiyo, dalili hugawanyika mafungu manne:

1. Mizunguko inapanda, mwendo unapungua. Injini ni nzima, bali maji hayaifikii impela. Wavu umezibwa, au hewa inavutwa ndani, au pengo la impela limekuwa kubwa mno.

2. Mizunguko inashuka, na mwendo unashuka. Ama injini yenyewe haina nguvu, ama kuna kitu kimeibana impela, kama vile kamba, wavu wa samaki au jiwe. Kikiwa ni kitu kilichobana, mtetemo huwa mkali na huanza ghafla.

3. Mizunguko ni ile ile, mwendo umepungua, na hakuna mtetemo. Hapo hapana ugonjwa wa injini wala wa jeti. Mzigo umezidi, au maji yameingia ndani ya boti, au chini ya boti kumeota uchafu mwingi.

4. Mwendo na mizunguko havikubadilika sana, lakini chombo chatetemeka. Kuna kitu kisicholingana katika vitu vinavyozunguka: impela, shafti, beringi, au mipira inayokalia injini.

Mafungu hayo manne hayamfanyi mtu kuwa fundi bingwa, lakini humwokoa na kazi ya kubahatisha. Kubahatisha karibu na nchi kavu ni upotevu wa saa chache. Juu ya maporomoko, au usiku katikati ya ziwa, hugharimu maisha.

ADUI WA MLANGO WA MAJI

Katika mito ya New Zealand adui mkubwa ni changarawe. Katika maji ya Afrika ya Mashariki na ya Kati adui ni wengine: magugu maji, nyavu za wavuvi, kamba, na siku hizi mifuko ya plastiki.

Magugu maji asili yake ni nchi za mto Amazon huko Amerika ya Kusini. Katika mto Kongo yalikwisha kuenea tangu miaka ya 1950. Katika Ziwa Viktoria yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 yalikuwa yamefunika eneo la karibu hekta 17,000. Hayakusumbua mashua peke yake. Hata bwawa la umeme la Owen Falls mjini Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilitaabishwa na magugu hayo katika miaka ya 1990 yalipokusanyika kwenye milango yake ya maji. Wadudu wadogo wanaoyala, walioanza kuachiliwa ziwani upande wa Uganda mwaka 1995, walisaidia kuyapunguza, lakini hayakwisha. Hurudi, huondoka na upepo, na huweza kuufunga mwalo uliokuwa wazi jioni iliyotangulia.

Gugu lenyewe huelea, na mizizi yake huning'inia chini kama ndevu. Jeti huivuta mizizi hiyo na kuilaza juu ya wavu mithili ya blanketi. Maadamu impela inaendelea kuvuta, blanketi hilo halibanduki. Hapa ndipo wengi hukosea. Waonapo boti inazubaa, huongeza mafuta; nako kuongeza mafuta ni kuongeza kuvuta, na kuongeza kuvuta ni kukaza kizibo.

Mchanga nao una hila yake. Boti ya jeti ikishapanda juu ya maji na kuteleza, huweza kupita mahali penye kina cha sentimita chache tu. Lakini ikiwa imesimama au inakwenda polepole, huvuta kutoka moja kwa moja chini yake kama mfagiaji, na kubeba kokoto na mchanga. Ndiyo maana vitabu vingi vya watengenezaji hukataza kuwasha injini mahali pasipo na kina cha angalau nusu mita hadi mita moja. Boti na isukumwe kwa mikono au kwa pondo mpaka penye maji ya kutosha, kisha ndipo injini iwashwe.

NAMNA YA KUZIBUA

Boti ikishikwa na kizibo, kazi ifanywe kwa utaratibu huu.

Kwanza, mafuta yapunguzwe mara moja. Ikiwa mkondo unavuta kuelekea kwenye hatari, nanga ishushwe kabla ya jambo lingine lolote. Nanga ya boti ya jeti haipaswi kufungiwa chini ya mizigo. Mahali pake ni mbele, kamba yake ikiwa imekunjwa vizuri, kwa kuwa chombo hiki kikikosa maji hakina breki wala usukani.

Pili, injini izimwe kwa muda mfupi. Magugu na mifuko mara nyingi hushikwa na nguvu ya kuvuta peke yake, hivyo kuvuta kukikoma hudondoka yenyewe. Injini ikiwashwa tena, boti na irudi nyuma taratibu ili maji yapite chini ya wavu na kuyafagia yaliyosalia. Boti zenye giaboksi huweza kuizungusha impela kinyume kwa sekunde chache na kuusukuma uchafu nje, lakini hilo lifanywe tu ikiwa kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu. Nyingine zina reki ya chuma inayochana wavu kwa kuvuta mkono ulio ndani ya boti. Reki hiyo itumike kabla kizibo hakijawa kikubwa.

Tatu, hayo yote yakishindikana, kifuniko cha ukaguzi kilicho juu ya mfereji wa maji hufunguliwa. Hapo ndipo penye hatari kuu, na hapo ndipo sheria isiyo na msamaha inapoanza. Injini izimwe, ufunguo utolewe, na ufunguo huo utiwe katika mfuko wa yule yule atakayeingiza mkono. Asiachiwe mwenzake kuushika, wala usiachwe mahali pake. Waya wa betri nao ufunguliwe. Impela ikizunguka hata robo ya mzunguko yatosha kukata vidole.

Nne, kabla ya kulegeza kifuniko, itazamwe kama kiko juu ya usawa wa maji ya nje. Boti iliyojaa watu upande wa nyuma huzama kidogo nyuma, na kifuniko kikifunguliwa wakati huo ziwa litaingia ndani. Abiria na waende mbele ili nyuma iinuke. Fundi avae glavu, kwa maana katika uchafu huo mna waya, ndoana na vioo. Kamba iliyojisokota kwenye shafti haifai kuvutwa kwa hasira. Huzungushwa kinyume cha ilivyojifunga, au hukatwa kwa kisu kipande kwa kipande, na vipande vyote huhesabiwa vimetoka.

Tano, kifuniko kikirudishwa, mpira wake uwe safi na ukae sawasawa. Chembe ya mchanga chini ya mpira huo hupitisha hewa, na hewa hiyo huleta dalili zile zile za wavu uliozibwa. Wengi wamezibua mlango wa maji na bado wakalalamika kuwa boti haina nguvu, kumbe wameondoa kizibo kimoja na kuumba ugonjwa mwingine.

Kuingia majini na kufanya kazi chini ya boti iwe njia ya mwisho kabisa. Katika mito na maziwa ya nchi hizi mna mamba na viboko, na kandokando yenye magugu hukaa konokono wanaobeba kichocho. Kuivutia boti ufukweni kwa kamba ni kazi ngumu, lakini ni bora kuliko ujasiri wa bure.

KUUSIKILIZA MTETEMO

Dalili ya mvua ni mawingu. Mtetemo nao ni wingu, nao husema umetoka wapi kwa yule anayeusikiliza kwa subira.

Mtetemo ulio mkubwa wakati injini inakwenda polepole, na kupungua inapokimbia, aghalabu ni wa injini yenyewe. Huenda plagi moja haichomi, au mafuta yana maji, au mipira inayokalia injini imepasuka. Mtetemo unaokua kadiri mizunguko inavyokua hutoka mara nyingi katika shafti au impela. Kwa boti yenye giaboksi kuna jaribio rahisi: gia iwekwe huru na injini ikimbizwe kidogo. Mtetemo ukibaki, mshtakiwa ni injini. Ukitoweka, mshtakiwa yuko nyuma ya giaboksi.

Mtetemo ulioanza ghafla baada ya kupita penye uchafu ni wa kitu kilichonasa. Ukanda mmoja wa plastiki uliolala juu ya panga moja la impela watosha kuitikisa boti nzima, kwa sababu panga hilo halisukumi maji sawa na wenzake. Habari njema ni kwamba kikitolewa, mtetemo huisha papo hapo. Usipoisha, jiwe limepinda panga au limemega ncha yake.

Mtetemo uliokuja polepole, siku baada ya siku, ni wa kulika. Kiungo cha msalaba cha shafti kilicholika hugonga wakati mafuta yanapoongezwa ghafla. Beringi iliyolika hulia na kupata joto. Mafuta ya beringi yakichunguzwa na kuonekana meupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia, na sili imekufa. Jeti nyingine zina beringi ya mpira inayolainishwa kwa maji yenyewe. Injini ya boti kama hiyo haifai kuwashwa nchi kavu hata kwa majaribio mafupi, kwani beringi huungua.

Kuna tena sauti moja ya kipekee, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Sauti hiyo husikika mwendeshaji anapofungulia mafuta yote wakati boti ni nzito na bado haijapata mwendo. Impela hutaka maji mengi kuliko yanayofika, shinikizo mbele ya mapanga hushuka mno, na maji hugeuka mapovu ya mvuke ingawa ni ya baridi. Mapovu hayo hupasuka juu ya chuma kwa nguvu, na baada ya muda huyatoboa mapanga matundu madogo madogo kama yaliyoliwa na mchwa. Dawa yake si spana bali ni mkono wenye adabu: mafuta yapunguzwe, boti ipate mwendo kwanza, kisha yaongezwe kidogo kidogo. Wavu uliozibwa nusu huleta sauti hiyo hiyo, kwa hiyo ikisikika katika boti isiyo na mzigo, mlango wa maji utazamwe.

Nchi kavu, ufunguo ukiwa mfukoni na betri imefunguliwa, shafti izungushwe kwa mkono. Yapasa izunguke kwa ulaini bila kukwama mahali popote. Pengo la impela lipimwe pande zote. Likiwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, shafti imekaa upande au beringi imekwisha. Mikwaruzo midogo kwenye mapanga husawazishwa kwa tupa, lakini panga moja lisipunguzwe kuliko mengine. Panga lililopinda au kumegeka ni kazi ya karakana yenye vifaa vya kulinganishia uzito.

DAFTARI NI FUNDI WA PILI

Hakuna awezaye kuutambua ugonjwa wa chombo asichokijua kikiwa kizima. Kwa hiyo kila boti na iwe na daftari lake. Siku ambayo boti ni safi, impela ni nzima na mzigo ni wa kawaida, mwendeshaji afungulie mafuta yote mahali palipo wazi, na aandike mizunguko aliyoisoma, mwendo alioupata na joto la injini. Tarakimu hizo tatu ndizo kipimo cha afya ya boti.

Kila mwezi jaribio lirudiwe kwa mzigo ule ule. Mizunguko ikipanda kidogo kidogo mwezi hata mwezi na mwendo ukishuka, pete na impela zinalika, na vipuri viagizwe kabla boti haijaleta aibu. Mizunguko ikishuka, injini inachoka au mafuta ni machafu. Mwendeshaji wa zamu ya usiku akisoma maandishi ya mwenzake wa mchana, atajua kama mtetemo anaouhisi ni mgeni au ni mwenyeji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika karakana ukuta huo ni jeti nzima mpya iliyoagizwa ng'ambo.

Kila asubuhi, kabla ya safari, vitu vitano vitazamwe: wavu wa mlango wa maji, boliti za kifuniko cha ukaguzi, mafuta ya beringi, kamba zote zilizo nyuma ya boti, na maji yaliyokusanyika chini ya sakafu. Kazi hiyo haizidi muda wa kunywa kikombe cha chai.

KWA JAMAA WANAOSAFIRI AU KUOGA KANDO YA MWALO

Boti ya jeti husifiwa kuwa salama zaidi kwa waogaji kwa kuwa haina rafadha nje. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini si yote. Mlango wa maji huvuta, na haubagui gugu na nguo. Leso au khanga iliyofungwa kiunoni, nywele ndefu, kamba ya jaketi, vyote vyaweza kuvutwa vikifika chini ya boti. Watoto wasiruhusiwe kuogelea karibu na nyuma ya boti ambayo injini yake inakwenda, hata kama boti imefungwa gatini na haisogei.

Mdomo wa kutolea maji nao ni wa kuogopwa. Maji yatokayo humo yana nguvu ya kuweza kumjeruhi mtu ndani ya mwili. Mtu asisimame nyuma yake, wala asipande botini kwa upande huo injini ikiwa hai.

Abiria nao wajue jambo moja ambalo wageni wa chombo hiki hawalitazamii. Mwendeshaji akiachilia mafuta yote, boti hupoteza usukani wakati huo huo, ingawa bado inakwenda. Mtu aliyeketi mbele asimpigie kelele mwendeshaji aachilie mafuta aonapo gogo. Huenda mwendeshaji anahitaji mafuta hayo ili alikwepe. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea kabla ya boti kuondoka, kwani chombo kikishakosa maji katika mkondo mkali hapatakuwa na wasaa wa kutafuta majaketi chini ya viti.

Kamba za kufungia boti zikunjwe na kuwekwa ndani mara tu boti inapong'oka. Mabaki ya chakula na mifuko yabaki botini mpaka nchi kavu. Mfuko mmoja uliotupwa na abiria leo waweza kuwa ndio utakaoifunga boti inayokuja kesho kumwokoa ndugu yake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika boti ya jeti mvungu ni ule mlango wa maji usioonekana. Mwendeshaji anayeinama kuutazama kila asubuhi, anayeijua tarakimu ya mizunguko ya boti yake kama anavyolijua jina la mwanawe, na asiyeingiza mkono mahali penye impela kabla ufunguo haujawa mfukoni mwake, atarudi nyumbani jioni na vidole vyake vyote kumi.